Besi wa Mdomo Mpana: Baba Mlinzi na Ndoano ya Mvuvi

Katika Ziwa Naivasha, nchini Kenya, yumo samaki ambaye asili yake si Afrika. Huyu ni besi wa mdomo mpana, mwenyeji wa maziwa na mito ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini, aliyeletwa Naivasha mwaka 1929 ili wapenda uvuvi wapate samaki wa kuvua kwa mchezo. Alistawi mno. Samaki pekee wa asili ya ziwa hilo, mdogo wa sentimeta chache tu, hajaonekana tena tangu 1962, na besi hutajwa miongoni mwa sababu za kutoweka kwake. Makala haya yanahusu tabia moja ambayo humsaidia besi kustawi, na ambayo hiyo hiyo humponza mbele ya mvuvi: jinsi dume anavyolinda watoto wake.

Besi ana rangi ya kijani na mstari mweusi ubavuni. Mdomo ukiwa umefumba, taya lake la juu hupita nyuma ya jicho. Hapendi kufukuza windo mbali. Hujibanza penye majani ya majini, akihisi mitikisiko ya maji kwa mstari wa fahamu ulio ubavuni mwake. Windo likikaribia, hupanua kinywa kwa ghafula. Nafasi ya ndani huongezeka, kanieneo hupungua, na maji huingia kwa nguvu pamoja na windo, kama yaingiavyo katika bomba la sindano uvutapo mchi wake. Hula samaki, vyura, kamba wa maji baridi, na karibu kila kitu kinachoenea mdomoni. (Jina la jenasi yake, Micropterus, maana yake ni "pezi dogo". Mfaransa Lacépède alilitoa mwaka 1802 kwa sababu samaki aliyemchunguza, ndugu wa huyu wetu, alikuwa na pezi la mgongoni lililoharibika! Jina limebaki hivyo hivyo.)

Wakati wa kuzaa, maji yanapofikia joto la nyuzi 16 za Selsiasi hivi au zaidi, dume huenda penye kina kidogo na kufagia sakafu kwa mkia hadi ipatikane sahani ya duara. Hicho ndicho kiota. Jike hutaga humo maelfu ya mayai, kisha huondoka. Kazi yote iliyobaki ni ya baba. Huyapepea mayai kwa mapezi ili yapate maji yenye oksijeni na yasifunikwe na tope. Na mayai yakiisha kuanguliwa huendelea kuvilinda vifaranga kwa majuma kadhaa, huku yeye mwenyewe akila kidogo sana. Chochote kikaribiacho hukishambulia.

Hapo ndipo chambo cha mvuvi humpata. Dume wa kiotani hakiumi chambo kwa njaa, bali kwa kukifukuza. Akiisha kuvutwa juu, samaki wadogo waliokuwa wakingojea kando huingia kiotani na kuanza kula mayai baada ya dakika chache tu. Mvuvi mwema humtoa ndoano na kumrudisha majini, desturi iliyoenezwa sana na mashindano ya uvuvi ya Marekani tangu 1972. Lakini dume hurudi amechoka, na akikuta mayai mengi yameliwa, mara nyingi hukiacha kiota kabisa. Samaki amepona, uzazi wake wa mwaka huo umepotea.

Je, jambo hili huathiri vizazi vijavyo? Swali hilo lilichunguzwa katika Ridge Lake, ziwa dogo la utafiti katika jimbo la Illinois. Kila besi aliyevuliwa alitiwa alama, akaandikwa, akarudishwa. Baada ya miaka minne maji yaliondolewa, wakahesabiwa besi zaidi ya 1,700. Wapatao 200 hawakuwa wamenaswa hata mara moja, ilhali wenzao walinaswa mara kwa mara. Watafiti wakazalisha koo mbili mbalimbali: moja ya wepesi kunaswa, nyingine ya wagumu. Kwa vizazi vitatu tofauti baina ya koo hizo iliongezeka. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalikadiria kiwango cha urithi kuwa 0.146, yaani takriban asilimia 15 ya tofauti za samaki hao katika kunaswa hutokana na urithi. Kiasi hicho ni kidogo, lakini chatosha kwa uteuzi kufanya kazi.

Utafiti uliofuata, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba madume wa ukoo wa wepesi kunaswa ndio waliokuwa walinzi wakali zaidi na wazazi hodari zaidi. Kwa hiyo ndoano haichagui kwa bahati nasibu. Hutangulia kuwaondoa baba walio bora. Mwalimu aliyezoea kufundisha uteuzi wa asili kwa mfano wa nondo wa Uingereza anaweza kuwauliza wanafunzi wake: ziwa likivuliwa namna hii kwa miaka mia moja, litabakiwa na besi wa tabia gani?

Katika sehemu kubwa ya jimbo la Ontario, nchini Kanada, sheria haingoji jibu. Msimu wa kuvua besi hufungwa majira ya kuchipua, madume wakiwa viotani, na haufunguliwi mpaka mwezi wa Juni.