Bei Iliyotajwa na Bei Inayolipwa: Maelezo juu ya Mnada na Tozo Zilizofichwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyehalalisha biashara na kuharamisha dhuluma. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, nanyi wasikilizaji mlioko majumbani na vyuoni, siku chache zilizopita alitujia, baada ya sala ya Alasiri, kijana mmoja kutoka vijiji vya juu katika Milima ya Uluguru. Yeye na mama yake walikuwa wamejiwekea shilingi 900,000, mavuno ya misimu miwili ya ndizi na pilipili manga, kwa nia ya kununua cherehani ya kushonea nguo nzito. Akaiona katika mnada unaoendeshwa kwa simu, akashindana na wenziwe, akashinda kwa shilingi 850,000. Palepale akatakiwa kutoa robo ya bei kuwa amana, naye akatuma shilingi 212,500.

Kesho yake akaletewa hesabu nyingine. Ada ya dalali shilingi 85,000, ada ya ghala 40,000, makaratasi 22,000, na kodi 153,000. Jumla ikawa shilingi 1,150,000. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotajwa kabla ya mnada. Alipolalamika akajibiwa kwamba asipokamilisha malipo, amana yake imekwenda. Akatuuliza, "Shekhe, fedha ile ya mama ni halali yao?"

Swali hili si la kijana huyu peke yake, na ndiyo sababu tumeona ni wajibu kulieleza leo.

Kwanza tufahamu kwamba mnada wenyewe si haramu. Amepokea Anas bin Malik, na ikaandikwa na Abu Daud na Ibn Majah, habari ya mtu wa Ansari aliyemjia Mtume (S.A.W.) kuomba. Mtume alimwuliza ana nini nyumbani. Akasema ana nguo nzito ambayo upande wake huvaliwa na upande hutandikwa, na chombo cha kunywea maji. Mtume akavichukua mkononi mwake akavinadi. Mmoja akatoa dirhamu moja. Mtume akauliza nani atazidisha, mara mbili au tatu, mpaka mwingine akatoa dirhamu mbili. Vitu vikakabidhiwa mnunuzi, na dirhamu mbili zikakabidhiwa mwenye mali: moja akanunulia chakula cha watu wake, ya pili akanunulia shoka, akaenda kukata kuni. Tazameni, ndugu zangu: dirhamu mbili zilizotajwa mbele ya watu ndizo mnunuzi alizozitoa, na ndizo muuzaji alizozipata. Hapakuzuka neno jingine baada ya mkono kutoa.

Pili, tuzijue nguzo za kuuziana. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wetu katika nchi hizi, bei ni lazima ijulikane na pande zote mbili wakati wa kufunga mapatano. Bei isiyojulikana ni gharari, yaani hatari iliyofichwa, na Mtume ameikataza biashara ya gharari. Nayo Qurani Tukufu, katika Suratun Nisaa, aya ya 29, inatukataza kulana mali kwa batili, na ikabakisha biashara ya kuridhiana. Sasa, mtu huridhia nini? Huridhia lile analolijua. Kijana wetu aliridhia shilingi 850,000. Zile 300,000 za ziada hakuzijua, basi hakuziridhia.

Pengine muuzaji atasema, "Lakini mimi nina gharama, ghala nalipia, dalali namlipa." Neno hili lina haki yake, na wanazuoni hawakulipuuza. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika kitabu chake Minhaj, ambacho wanafunzi wa vyuo vyetu wanakijua, tofauti ya maneno mawili. Muuzaji akisema, "Nakuuzia kwa bei niliyonunulia," basi haingii humo ila bei ile tu. Akisema, "Nakuuzia kwa ilivyonisimamia," hapo huingia pia ujira wa mpimaji, wa dalali, wa mlinzi, na gharama nyinginezo za bidhaa ile. Na kazi aliyoifanya kwa mikono yake mwenyewe haihesabiwi kuwa gharama, maana hakumlipa mtu. Fahamuni ukali wa hesabu hii: gharama si haramu, lakini lazima neno linaloziingiza litamkwe kabla, wala haifai kudai ujira ambao hukuutoa.

Tatu, tuseme juu ya kodi. Kodi ya Ongezeko la Thamani katika Tanzania Bara ilianza kutozwa mwaka 1998, na kiwango chake cha kawaida leo ni asilimia 18. Ukizidisha shilingi 850,000 kwa asilimia 18 utapata 153,000 kamili, na kwa hiyo hesabu aliyoletewa kijana ilikuwa na sura ya ukweli. Lakini kodi hii hutozwa na mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa ajili yake, naye hana budi kutoa risiti ya mashine za kielektroniki, zilizoanza kutumika mwaka 2010. Kijana alipoomba risiti hakupewa. Mwenye kuchukua fedha kwa jina la kodi na asiifikishe Serikalini amekusanya madhambi mawili: amemdhulumu mnunuzi, na amekula amana ya umma.

Wako na wale wanunuao vitu kutoka nchi za nje, kama magari ya Japani. Hao wajue kwamba bei ya mnada wa huko siyo bei ya kufika Morogoro. Chukueni mfano wa bidhaa iliyofika bandarini kwa thamani ya shilingi 10,000,000, pamoja na nauli na bima, nayo inatozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Ushuru ni 2,500,000, na jumla ni 12,500,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani hukatwa juu ya jumla hiyo, si juu ya milioni kumi. Nayo ni 2,250,000. Tayari tumefika 14,750,000, kabla ya ushuru wa bidhaa na tozo nyingine. Hapa Serikali haikumficha mtu, maana sheria imetangazwa. Aliyekosea ni dalali anayeyajua haya akayanyamazia ili bei ionekane ndogo, au mnunuzi aliyefanya haraka asiulize.

Tena jihadharini na wale wanaotuma ujumbe wakisema mzigo umezuiliwa, tuma kodi kwa namba hii ya simu. Malipo ya Serikali hulipwa kwa namba maalumu ya malipo, ile watu waiitayo kontroo namba, wala hayatumwi kwenye simu ya mtu binafsi.

Nne, ni hukumu ya amana. Katika madhehebu ya Shafi, pamoja na yale ya Hanafi na Maliki, haisihi kuuziana kwa sharti kwamba mnunuzi akirudi nyuma muuzaji anaila arubuni bure. Imam Ahmad ndiye aliyeiruhusu. Lakini hata kwa mwenye kufuata ruhusa hiyo, arubuni ni ya mnunuzi aliyevunja ahadi. Kijana huyu hakuvunja ahadi. Aliyebadilisha bei baada ya mapatano ndiye aliyeivunja. Kwa hiyo tulimjibu, "Hapana, mwanangu. Fedha ile si halali yao. Ama wakuuzie kwa 850,000, ama wakurudishie amana yenu."

Na sheria ya nchi nayo haiko mbali na hukumu hii. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imekataza mwenendo wa kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani imewekwa kusimamia jambo hilo. Kudai haki yako huko si ugomvi.

Ndugu Waislamu, tusiwanyoshee vidole wauzaji wa simuni tukajisahau. Mnunuzi anayekwenda Mgeta au Kinole akapatana bei ya gunia, kisha akalishindilia na kulivimbisha lumbesa, naye ameongeza kitu kisichokuwamo katika mapatano. Tofauti ni kwamba yeye anamwibia mkulima. Sheria ya Vipimo imeikataza lumbesa, na kabla yake Suratul Mutaffifin imewaonya kwa adhabu kali wanaojipimia kwa ukamilifu na kuwapunja wenzao. Kadhalika yule anayepandisha bei katika mnada hali hataki kununua, ila amepangwa na muuzaji ili awatie wengine hamu: hilo ndilo najshi, na Mtume amelikataza.

Basi kabla hujatoa bei, uliza mambo manne, na majibu yake yahifadhi kwa maandishi: bei ya mwisho ni kiasi gani pamoja na kila ada, kodi imo au haimo, nani anachukua gharama ya usafirishaji, na amana hurudishwa kwa masharti gani. Asiyetaka kujibu, mwache na mali yake. Nawe muuzaji, taja yote mwanzoni. Mtume ametufundisha, katika hadithi ya Hakim bin Hizam, kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa.

Hadi tunapoandika maneno haya, zile shilingi 212,500 hazijarudi. Kijana amepeleka malalamiko yake, na mama yake ameanza kuhesabu mikungu ya msimu wa tatu. Aliyezishika fedha zile huenda anatusikiliza. Tunamwambia kwa upole: mlango wa toba uko wazi, lakini toba ya mali ya mtu haitimii mpaka mali irudishwe kwa mwenyewe.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu, zinyooshe ndimi zetu katika kuuza na kununua, na uwarudishie waliodhulumiwa haki zao. Amin.