Maji ya Vyoo na Kantini katika Bonde la Miwa

Mtu atokaye Mikumi mjini, akaiacha barabara kuu ya Iringa na Zambia na kushika njia ya kusini iendayo Kidatu na Ifakara, hufika baada ya mwendo usio mrefu katika mashamba ya miwa yaliyotandaa kandokando ya Mto Ruaha Mkuu, kiwanda cha sukari cha Ruembe kikiwa upande wa Kilosa na kile cha Msolwa ng'ambo ya pili. Mto huo hauishii hapo, bali huteremka hadi kuingia Rufiji, na kila kitiwacho ndani yake hukutana mbele ya safari na mvuvi, mkulima wa mpunga na mama aliyekuja na ndoo. Kwa hiyo suala la maji machafu, katika kiwanda chochote kilichojengwa mahali pa namna hii, ni suala la ujirani kabla halijawa la uhandisi. Na katika maji hayo yamo ambayo aghalabu hupuuzwa, nayo ni yale ya vyoo vya wafanyakazi na ya kantini wanamolia. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba hayo yanayopuuzwa, yakiandaliwa kwa hekima, ndiyo yawezayo kuyatengeneza yale mengine.

Muwa ni maji kwa kiasi cha sehemu 70 hivi katika kila 100, na maji yanayooshea mitambo yake hayakosi kuchukua sukari iliyomwagika. Sukari hiyo, tamu kwetu, ni msiba kwa samaki: bakteria wa mtoni huivamia, na katika kuila huimaliza oksijeni iliyoyeyuka majini, hata viumbe vinginevyo vikakosa pumzi. Ndiyo sababu wataalamu huupima uchafu wa maji kwa kiasi cha oksijeni ambacho bakteria watakihitaji kwa muda wa siku 5, na kanuni za ubora wa maji za Tanzania za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ziliweka mpaka wa miligramu 30 kwa lita.

Bakteria hao hao, wakipewa kazi ndani ya bwawa la kiwanda kabla maji hayajafika mtoni, wahitaji chakula kilichokamilika: kwa kila vipimo 100 vya uchafu wa kuliwa, vipimo 5 hivi vya naitrojeni na kimoja cha fosforasi. Maji ya sukari yana upungufu mkubwa wa viwili hivyo, na kuwapa bakteria maji hayo peke yake ni sawa na kumlisha mtu ugali mtupu mwaka mzima. Huko na huko duniani viwanda hununua mbolea ya urea na kuimimina mabwawani ili kuziba pengo hilo, ilhali naitrojeni na fosforasi hutiririka bure kila siku kutoka vyooni, kwa kuwa urea imo tele katika mkojo wa binadamu. Tena kiwanda cha sukari husimama wakati wa masika, miwa isipovunika, na bakteria wa mabwawani hushikwa na njaa. Walakini wafanyakazi waishio kambini huendelea kula, kufua na kwenda haja, na maji yao huwaweka bakteria hai mpaka msimu mpya uanze.

Lakini maji ya kantini yana sharti lake. Fungua kifuniko cha chemba iliyo nyuma ya jiko baada ya chakula cha mchana: juu pameganda utando mzito wa mafuta, mweupe wenye kuelekea umanjano, umenasa punje za wali na maganda ya maharage, chini umekaa mchanga na ukoko wa masufuria, na katikati tu ndipo penye maji. Mafuta yakitoka jikoni ya moto hupita bila taabu, yakipoa bombani huganda na kuziba njia. Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel jijini London, palikutwa bonge la mafuta na takataka lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Tadbiri yake ni chemba yenye kuta za kukinga, kubwa kiasi cha kuyashika maji kama nusu saa hata yapoe, mafuta yaelee, kisha yachotwe kabla hayajajaa.

Yakishavuka hapo, maji ya jikoni huungana na ya vyooni, pamoja na yale ya sukari kutoka kiwandani, na kuingia mabwawa yanayofuatana. La kwanza, la kina cha mita 2 hadi 5, ni jeusi na halina oksijeni. Humo tope hutuama na kuoza, na mapovu ya methani hupanda juu. La pili, la mita moja na nusu hivi, ni kijani: mwani huchukua jua la mchana na kutoa oksijeni waivutayo bakteria, nao bakteria huurudishia mwani kaboni dayoksaidi na virutubisho. Katika ya mwisho, yaliyo haba kwa kina, jua pamoja na alikali inayoongezwa na kazi ya mwani huua vijidudu vya maradhi, na mayai ya minyoo huwa yamekwisha kuzama. Kazi yote hii huharakishwa na joto, neema ambayo Kilosa haikunyimwa.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya utafiti wa miaka mingi juu ya mabwawa haya na vinamasi vya kutengenezwa, ambamo maji hupita ndani ya kokoto zilizopandwa matete, chini ya uso wake, mbu wasipate pa kutagia. Huko Moshi, maji yaliyopita mabwawa ya Mabogini hunywesha mashamba ya mpunga. Jijini Nairobi kinamasi cha kutengenezwa, chenye eneo la nusu hekta hivi, kilianza kazi mwaka 1994 kikipokea maji taka ya mikahawa miwili yenye wateja wengi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa zaidi ya sehemu 95 katika 100 za uchafu wa kuliwa na bakteria ziliondolewa, na maji yakarudishwa katika matumizi.

Muwa wafaa kunyweshwa maji yaliyosafishwa hivi, kwa kuwa utomvu wake huchemshwa kiwandani. Hatari humbakia mwagiliaji na mkata miwa, wagusao udongo. Shirika la Afya Duniani, mwaka 1989, lilipendekeza lisizidi yai moja la minyoo katika lita ya maji ya kumwagilia, na viatu vya mpira ni haki ya mfanyakazi, wala si hisani. Mabwawa nayo huharibika kimyakimya, tope likijaa mwaka hadi mwaka bila kengele ya kumwita mtu. Basi kiwanda kisichothubutu kuwasha boila bila fundi kisithubutu kufungua bwawa bila mtunzaji mwenye mshahara, daftari la vipimo, na idhini ya kuzuia maji yasiende mtoni siku ambayo vipimo havikutimia.