Ufundi wa Kufunza Wanyama (3): Nguruwe Aliyekataa Kuweka Akiba

Tangu itangazwe Aprili 2025 kwamba Ronin, panya buku aliyefunzwa Morogoro, ameweka rekodi ya dunia ya Guinness kwa kunusa mabomu 109 ya kutegwa ardhini huko Kambodia, vijana wananiuliza: kazi ya kufunza wanyama inapatikanaje? Nitawajibu. Ila kwanza wanivumilie niwapeleke Marekani, maana anayeitaka kazi hii bila kuwajua Keller na Marian Breland anaingia shambani bila jembe.

Mwanasaikolojia Skinner na njiwa wake tulimaliza nao katika sehemu zilizotangulia, pamoja na kanuni ya mlio na zawadi: mnyama akipatia husikia mlio, kisha hupewa chakula. Keller na mkewe Marian walikuwa wanafunzi wake Minnesota. Wenzao wakisaka shahada, wao waliamua kula kwa jasho la kuku: waliwafunza kucheza maonyesho ya kutangaza chakula cha mifugo. Biashara ikakua, na kufikia 1961 walikwisha kufunza wanyama zaidi ya 6,000 wa aina 38.

Mwaka huohuo waliandika makala ambayo ningependa kila mfunza wanyama aisome. Waliandika walikoshindwa! Nguruwe wao alifunzwa kuokota sarafu kubwa za mbao na kuzitumbukiza kwenye kibubu. Mwanzoni alizikimbilia kwa bidii. Wiki zilivyopita akaanza kuidondosha sarafu njiani, akaifukua kwa pua, akairusha juu, akaifukua tena. Ilifika mahali akatumia kama dakika 10 kusogeza sarafu nne umbali wa futi sita tu, na chakula alichojipatia kwa kazi hiyo hakikumtosha. Njaa ilipomzidi ndipo alipozidi kufukua. Rakuni naye, mnyama wa kwao mwenye mikono myepesi, alipopewa sarafu mbili alizisuguasugua kama bahili, asitake kuziachia.

Akina Breland hawakumlaumu nguruwe. Walitambua kwamba asili ya mnyama huweza kuishinda zawadi: pua ya nguruwe imeumbwa kufukua, na anapowaza chakula, hufukua. Hapa ndipo ninapogombana na wenye mikokoteni wa miji yetu. Punda anayesimama katikati ya njia huenda ana kidonda chini ya nira au ameona kitu kinachomtisha. Yeye anaongezewa fimbo, kisha anaitwa mkaidi. Anayempiga amekiri kwamba hajui kazi yake. Nimelisema hili kwa miaka mingi na sitaacha.

Waliofaulu Morogoro walianza na asili. Shirika la APOPO, lililo katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine tangu 2000, lilimchagua panya buku kwa sababu haoni vizuri lakini pua yake ni hodari, na kuparura udongo ni tabia yake ya kuzaliwa. Hafundishwi kuparura, anafundishwa aparure wapi. Kwenye uwanja wa mazoezi hufungwa mkanda kifuani, huunganishwa na kamba iliyonyoshwa kati ya watu wawili, naye huenda na kurudi akinusa. Akikuna ardhi palipofukiwa kichujio cha chai chenye TNT, kidude hulia “tik”, na ndizi inafuata. Masomo huchukua miezi tisa hadi mwaka. Wenzake hunusa makohozi ya wagonjwa kutafuta kifua kikuu.

Sasa tuje kwenye ajira kwa kifupi, maana nafasi ya kuandika imebaki finyu. Elimu ya mifugo au wanyamapori inasaidia; Sokoine wanaifundisha, na chuo cha Mweka kinafundisha ya wanyamapori. Mbali na APOPO, polisi wana kikosi cha mbwa na farasi, na mbwa wa kunusa pembe za ndovu wanahitaji watu wa kuwaongoza. Waajiri si wengi, na asubuhi huanza mapema kabla jua halijawa kali. Ukiitwa kwenye usaili, tarajia kutazamwa unavyomshika mnyama kabla ya kuulizwa vyeti. Sehemu ya nne itahusu mbwa.