Maua na Jani la Mgomba: Karamu ya Sikukuu Huko Kerala

Siku ya sikukuu hufanya nini nyumbani kwako? Bila shaka hufagia uwanja, hupika chakula kizuri na huwakaribisha jirani. Je, mahali pa kulia hupapamba? Wengi hudhani kupamba ni kazi ya matajiri. Sivyo. Katika somo hili tutaona jinsi watu wa Kerala, jimbo lililo kusini-magharibi mwa India, wanavyopamba nyumba na meza kwa maua mabichi. Tutaona pia makosa yanayoweza kuleta hasara, hata kifo.

Sikukuu ya Onam

Sikukuu kubwa ya Kerala huitwa Onam. Huwa mwezi wa Agosti au Septemba, wakati wa mavuno. Asili yake ni ya Wahindu, lakini Wakristo na Waislamu wengi wa Kerala hushiriki pia.

Wazee husimulia kwamba zamani alikuwako mfalme mwema aitwaye Mahabali. Wakati wake watu wote walikuwa sawa. Hapakuwa na uongo wala wizi. Kisha mfalme huyo aliondolewa duniani, akapelekwa chini ya ardhi. Lakini alipewa ruhusa ya kurudi mara moja kila mwaka kuwatazama watu wake. Onam ni siku ya kumpokea. Watu humwekea maua mlangoni na karamu ndani, ili aone kuwa nyumba zao zina neema.

Picha ya maua mlangoni

Siku kumi kabla karamu haijaliwa, kazi ya maua huanza. Mbele ya mlango watu husafisha mahali, kisha hupanga maua chini kwa duara. Picha hiyo huitwa pukalamu. Siku ya kwanza huwa ndogo. Kila siku huongezwa maua, na duara hukua mpaka siku ya kumi.

Zamani watoto waliamka alfajiri na vikapu, wakachuma maua uani na kando ya mashamba. Ua dogo jeupe liitwalo thumba ndilo lililopendwa zaidi. Siku hizi watu wengi, hasa mjini, hununua marigoldi sokoni. Hayo ni maua ya manjano na ya rangi ya machungwa. Mengi hutoka majimbo jirani ya Tamil Nadu na Karnataka.

Meza ya karamu

Karamu yenyewe huitwa sadya. Kwa kawaida haina nyama wala samaki. Mara nyingi huwa na vyakula zaidi ya ishirini. Kwa desturi watu huketi chini juu ya mikeka, lakini leo nyumba nyingi hutumia meza. Sahani hazihitajiki. Kila mtu huwekewa jani bichi la mgomba.

Ncha ya jani huelekezwa kushoto kwa mlaji. Upande wa kushoto huwekwa chumvi, achari na chipsi za ndizi. Wali huwekwa katikati, karibu na mlaji. Kwanza huliwa na choroko na samli, kisha na mchuzi wa mbaazi na mboga. Karibu na mwisho huja payasamu, yaani uji mtamu wa mchele au nafaka nyingine, uliopikwa kwa maziwa au tui. Watu hula kwa mkono wa kulia. Akishiba, mtu hukunja jani lake kuelekea kwake.

Katikati ya meza wengine huweka uruli, chombo cha shaba kipana kisicho na kina kirefu. Hutiwa maji, na maua huelea juu yake.

Jinsi ya kufanya

Nawe unaweza kupamba hivyo siku ya harusi, Idi, Krismasi au sikukuu nyingine. Bakuli pana au sufuria safi yatosha. Fuata hatua hizi:

1. Chuma maua asubuhi na mapema, kabla ya jua kali. Yaweke kivulini, vikonyo vyake vikiwa ndani ya maji.
2. Kata majani ya mgomba yasiyochanika. Yaoshe kwa maji safi pande zote mbili, uyapanguse.
3. Tia maji kwenye bakuli, ueleze maua yaliyofunguka vizuri. Rangi mbili au tatu zatosha.
4. Weka bakuli katikati. Mapambo yawe mafupi, ili watu watazamane wanapozungumza.
5. Asumini ina harufu kali. Itundike mlangoni, isije ikafunika harufu ya chakula.
6. Ukiwasha taa ya mafuta, iweke mbali na vitambaa na watoto.
7. Karamu ikiisha, mwaga maji ya bakuli. Maji yakikaa siku nyingi, mbu watazaliana. Majani ya mgomba yatupe shimo la mboji.

Jihadhari na sumu

Si kila ua zuri ni salama. Liko ua liitwalo arali huko Kerala. Wengine huliita oleanda. Mti wake ni mdogo, una majani marefu membamba na maua ya rangi ya waridi, mekundu au meupe. Hupandwa pia kama pambo katika miji ya Afrika Mashariki. Sehemu zake zote zina sumu inayodhuru moyo. Mwaka 2024 msichana mmoja wa Kerala alifariki, ikashukiwa kuwa alitafuna mmea huo. Baada ya hapo, bodi mbili zinazosimamia mahekalu mengi huko zilikataza ua hilo lisitumike katika vyakula vya sadaka.

Kwa hiyo, ua usilolijua usiliweke mezani. Hata maua ya sokoni huenda yalipigwa dawa ya wadudu shambani. Pamba nayo, lakini yasiguse jani la chakula.

Jihadhari na deni

Watu wa Kerala wana msemo kwamba hata ikibidi uuze mali yako, karamu ya Onam uile. Ni msemo wa furaha, lakini ukiufuata neno kwa neno utaumia. Karamu huisha siku moja, deni hubaki. Sisi nasi tuna methali: mtu hujikuna ajipatapo.

Wako wanawake wa Kerala waliopata njia nyingine. Katika vikundi vya Kudumbashree, mpango ulioanzishwa mwaka 1998, baadhi yao hulima marigoldi na kuyauza msimu wa Onam. Kwa hiyo maua yanayowamaliza wengine fedha, wao huwapatia.

Kumbuka, mgeni hafurahishwi na gharama. Hufurahi akiona ulimngojea. Jani safi, maua machache yenye afya na uso mkunjufu vyatosha.

Maswali

1. Kwa nini watu wa Kerala huweka maua mlangoni wakati wa Onam?
2. Ncha ya jani la mgomba huelekezwa upande gani?
3. Kwa nini maua yasiguse chakula?
4. Jadilianeni: Katika kijiji chenu ni maua gani yanayofaa kupamba? Je, kikundi chenu kingeweza kuyalima na kuyauza?