TRENI HAINA USUKANI, NDUGU YANGU!

Leo naomba tuweke kando stori za mapenzi na mitindo ya nywele. Nina mchapo wa reli, na mchapo wenyewe ulikaribia kunitoa roho.

Ilikuwa jioni, watu wanatoka makazini, na mimi nimo ndani ya daladala. Nimebanwa kati ya mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa na jamaa aliyekuwa akisinzia begani kwangu utadhani tumeoana. Muziki juu! Tukafika kwenye kivuko kimoja cha reli, pande za Buguruni. Geti hakuna, taa hakuna, kipo kibao tu kilichopauka kwa jua.

Mara, poooo! Honi. Kutazama kushoto, treni ya mizigo hiyo inakuja, kichwa mbele na mabehewa nyuma hata mwisho wake huuoni. Ilionekana kama inajivuta tu.

Konda akagonga bodi: "Twende suka, hiyo bado iko Vingunguti!" Suka naye hakulaza damu, akakanyaga mafuta. Tulipofika katikati ya reli, gari likazima. Kimya!

Usiniulize nilitokaje. Ninachokumbuka ni kwamba nilipitia dirishani na kiatu kimoja kikabaki. Yule mama alikuwa ameshatangulia, na ndoo yake kichwani! Suka akapiga stata mara ya kwanza, ya pili, ya tatu ndipo ikawaka, gari likaruka ng'ambo. Sidhani kama nilimaliza kuvuta pumzi moja kabla treni haijapita pale pale tulipokuwa. Upepo wake ulinipiga usoni, na ardhi ikatetemeka hadi tumboni.

Konda akacheka. "Si niliwaambia?" Hakuna aliyecheka naye.

MZEE WA GENGI

Siku chache baadaye nilimfuata mzee mmoja mtaani kwetu. Huyu alifanya kazi ya gengi miaka mingi, wale jamaa wanaobadilisha mataruma na kushindilia kokoto. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwaga malalamiko yangu: dereva wa treni alituona, kwa nini hakufunga breki?

Mzee akanitazama kwa huruma. "Nani kakwambia hakufunga? Labda alifunga tangu alipopiga honi ile. Treni haina usukani, mwanangu. Haikwepi. Mwenye kukwepa ni wewe."

Akanipa darasa. Gurudumu la treni ni chuma na reli ni chuma. Ndiyo maana kichwa kimoja kinaweza kuburuza mzigo ambao malori kibao yangeushindwa, kwa sababu msuguano ni mdogo. Lakini msuguano huo huo mdogo ndio unaoigeuza breki kuwa kazi ngumu. Huko Marekani, waelimishaji wa usalama wa reli hufundisha kwamba treni ya mizigo iliyo kwenye mwendo wa kilomita 88 kwa saa inahitaji kilomita moja na nusu, au hata zaidi, mpaka isimame. Yaani akuone leo, asimame mtaa wa tatu!

Na macho nayo yanatudanganya. Kitu kikubwa kikija kwa mbali huonekana kama kinatambaa. Umewahi kuitazama ndege kubwa ikitua? Si unaiona kama imening'inia tu? Basi ndivyo na treni. Konda wetu hakuwa kipofu, ila aliyaamini macho yake kupita kiasi.

HATA WENYE RELI YAO

Kama unadhani hayo ni mambo ya makonda na haraka zao tu, sikia hili. Tarehe 22 Machi 2020, huko Handeni mkoani Tanga, kati ya stesheni za Mwakinyumbi na Gendagenda, kiberenge kiligongana na treni ya mizigo. Kwa asiyekijua, kiberenge ni kile kigari kidogo cha relini ambacho wafanyakazi hutumia kwa ukaguzi na matengenezo. Watu watano walifariki, wote wafanyakazi wa Shirika la Reli.

Hapo mzee alinyamaza kidogo. "Hao hawakuwa wageni wa reli," akasema. "Kiberenge mbele ya treni ni kama yai mbele ya nyundo. Kazi ile unategemea neno moja tu: njia ni yako au si yako."

Maneno yake yalinikumbusha ajali ya Chester, jimbo la Pennsylvania huko Marekani, tarehe 3 Aprili 2016. Ile ilikuwa treni ya abiria, mwendo wake zaidi ya kilomita 160 kwa saa, ikakivaa kijiko cha kuchimbia kilichokuwa relini kwa matengenezo. Wafanyakazi wawili walikufa. Wachunguzi walikuta nini? Zamu zilikuwa zinabadilishana asubuhi. Msimamizi wa usiku akarudisha ruhusa ya kuifunga njia, na yule wa mchana akawa hajachukua ya kwake. Njia ikahesabiwa kuwa iko wazi, kumbe kijiko bado kipo! Kipo pia kifaa cha kuunganisha reli mbili ili taa za ishara ziwazuie madereva. Siku hiyo hakikutumika.

Nchi yenye kompyuta na mitambo ya kila aina, ajali ikapenya kwenye mwanya wa watu wawili kutopeana taarifa.

Na sisi hatuna haja ya kwenda mbali kuujua uzito wa treni. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma kwa kasi mkoani Dodoma, eneo la Igandu, ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Wapo majirani zetu ambao mpaka leo hawataki kuisikia tarehe hiyo.

SASA TUFANYEJE?

Najua mtaniambia mambo yamebadilika, siku hizi kuna treni ya umeme. Kweli, tangu Juni 2024 treni ya SGR inabeba abiria kati ya Dar na Morogoro, na njia ile imejengewa madaraja ili magari yapite juu au chini yake. Bomba! Lakini reli ya zamani bado inakatiza mitaa yetu, na daladala bado zinaikatiza.

Kwa hiyo wewe mwenye gari, bodaboda au Bajaji, shika haya. Kabla ya reli, zima muziki, shusha kioo, tazama pande zote. Usiingie relini kama foleni ya mbele haijakuachia nafasi ya kutoka. Gari likikuzimikia pale, usibembeleze stata huku treni inakuja. Shusha watu, kimbieni. Na msikimbie kufuata uelekeo wa treni. Kaeni mbali na reli huku mkielekea upande inakotokea, kwa sababu vipande vya gari hurushwa mbele.

Na wewe abiria, piga kelele! Tunamgombeza konda akitupunja chenji ya shilingi mia, halafu akiichezea roho yetu tunanyamaza.

Mimi siku hizi tukikaribia reli napaza sauti: "Suka, simama kwanza!" Washikaji wananicheka, wananiita muoga. Poa tu. Muoga huyu anavaa viatu vyote viwili. Kile kilichobaki siku ile hata sikuthubutu kurudi kukitafuta.

Haya, tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.