"Utafiti unasema mapato yamepanda Kisii." Waliulizwa akina nani?

Kila kampeni lazima mtu asimame Kisii au Nyamira na karatasi mkononi: kipato cha mkulima kimepanda. Mpinzani wake naye ana karatasi, kimeshuka. Kabla hujashea, twende polepole.

Taasisi ya Tegemeo ya Chuo Kikuu cha Egerton ilirudia kaya zile zile za wakulima, Kisii ikiwemo, 1997, 2000, 2004, 2007 na 2010. Nchi nzima ilianza na kaya kama 1,500, ikamaliza na kama 1,300. Kwa miaka 13 si mbaya, kusema kweli.

Shida ni wale wanaokosekana. Huku Gusii shamba limegawanywa hadi kijana anabaki na mahali pa nyumba tu. Anahama. Aliyepata kazi ya ualimu Kitui na aliyeuza shamba kulipa bili ya hospitali, wote wanaandikwa neno moja: "amehama". Ukimkosa wa kwanza, kijiji kinaonekana maskini zaidi. Ukimkosa wa pili, mambo yanaonekana safi.

Kagera, Tanzania, waliamua kuwafuata. Kaya zaidi ya 900 zilihojiwa 1991 hadi 1994, na 2004 watafiti wakawasaka waliohama, wengine hadi Uganda. Wakakuta matumizi ya waliohama yamepanda kuliko ya waliobaki, kwa tofauti ya pointi 36 za asilimia. Hao wangeachwa nje, nani angejua?

Kwa hivyo mheshimiwa akitaja asilimia, muulize: waliohama mliwatafuta?