Rafadha mbili zinazopishana: rekodi za helikopta zisizo na rafadha ya mkiani

Helikopta ya kawaida hutoa sehemu ya nguvu za injini kwa rafadha ndogo ya mkiani, ili isizunguke ovyo hewani. Anton Flettner, Mjerumani, aliiondoa. Juu aliweka rafadha mbili zinazozunguka kinyume, mihimili yake imelala kidogo upande wa nje, na mapanga yakipishana kama michi ya watwangaji wawili kwenye kinu kimoja. Gia ndizo zinazotunza mapigo. Fl 265 yake iliruka mwaka 1939, na mfano wa kwanza ulianguka mapanga yalipogongana.

Mdogo wa Fl 265, Fl 282 Kolibri, hakuhitaji zaidi ya injini ya nguvu za farasi 160, naye alitua juu ya meli za kivita. Mwaka 1944 kampuni ya BMW iliagizwa kuunda 1,000, idadi ambayo helikopta chache za wakati ule ziliiota. Mabomu yaliharibu kiwanda, zikaundwa 24 tu.

Rekodi ninayoiona kubwa kuliko zote haina kelele. Tarehe 10 Desemba 1951, huko Marekani, K-225 ya Charles Kaman ilikuwa helikopta ya kwanza duniani kuruka kwa injini ya turbini. Karibu kila helikopta kubwa unayoiona leo inatumia injini ya aina hiyo. Mwaka 1954 Kaman akatangulia tena, safari hii kwa turbini mbili. K-225 yenyewe imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Virginia.

Kwa kimo, HH-43B Huskie ya Kaman ilipanda mita 10,010 mwezi Oktoba 1961, juu kabisa ya kilele cha Everest. Na hii ilikuwa helikopta ya zimamoto na uokoaji, si ya mashindano!

Kwa ubebaji, mbabe ni K-MAX, nayo ya Kaman: tupu haifiki tani 2.4, lakini huning'iniza mzigo wa tani 2.7. Mwishoni mwa 2011 ilianza kupeleka mizigo ya jeshi Afghanistan bila rubani ndani.

Rekodi ya mwendo usiitafute huku. Rafadha mbili na mihimili yake hukokota hewa nyingi, na K-MAX ikijikaza sana hufika kama kilomita 185 kwa saa. Mwaka 2023 kampuni ya Kaman ilitangaza kwamba inaacha kuunda K-MAX.